Uzazi ambao Bibi Salme hakuuandika

Ukikifungua kitabu cha Bibi Salme binti Said, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilichochapwa Berlin mwaka 1886, utakuta sura inayoeleza jinsi watoto wa Sultani walivyozaliwa na kulelewa Unguja. Anaeleza kwa utulivu, kama anayemsimulia mgeni asiyejua lolote. Mtoto anaogeshwa maji ya vuguvugu, anatiwa manukato, anafungwa vitambaa ili viungo vinyooke. Wa kike anatobolewa masikio siku ya saba. Arobaini ikifika, nywele za kwanza zinanyolewa.

Sasa tafuta humo uzazi wake yeye mwenyewe wa kwanza. Hutauona.

Na si kwamba haukuwepo. Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alipendana na jirani yake Mji Mkongwe, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Mwaka 1866 akashika mimba. Binti wa Sultani, hajaolewa, na mwanamume mwenyewe Mkristo: hapo roho yake ilikuwa hatarini. Agosti mwaka huohuo Waingereza wakamsaidia kupanda manowari yao, Highflyer, ikampeleka Aden. Ruete alibaki nyuma kumalizia shughuli zake.

Disemba 1866, huko Aden, Salme akajifungua mtoto wa kiume. Alikuwa na miaka 22.

Hebu tusimame hapo kidogo. Kwetu pwani, mimba ya kwanza humrudisha mwanamke kwa mama yake. Huko ndiko anakokandwa, anakopikiwa uji wa pilipili manga, anakokaa arobaini yake hana kazi ila kunyonyesha. Salme hakuwa na pa kurudi. Baba yake, Sayyid Said, alifariki mwaka 1856. Mama yake, Jilfidan, alichukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Ndugu zake walikuwa wamemkasirikia. Alihifadhiwa na mume na mke wa Kihispania aliowafahamu tangu Unguja. Binti aliyejua kila hatua ya kumpokea mtoto wa kifalme akamzaa wake ugenini.

Ruete alifika Aden mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa, akaitwa Emily, wakaoana, wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto hakufika Hamburg. Alifia njiani, Ufaransa.

Yote haya kitabuni hayamo. Anakiri mapenzi, anaeleza kutoroka, anataja Aden na ndoa. Mimba na mtoto kaviruka. Kwa nini? Kwanza, alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake watatu aliowazaa baadaye Ujerumani. Mama gani angependa wanawe wayasome hayo? Pili, wakati kitabu kinatoka alikuwa mjane tangu 1870, na alikuwa bado anadai urithi wake Unguja. Heshima ndiyo iliyokuwa mali yake ya mwisho. Wajerumani na Waarabu wa wakati ule walitofautiana kwa mengi, lakini kwa mwanamke aliyeshika mimba kabla ya ndoa walikuwa na ulimi mmoja.

Wapo wanaosema basi kitabu kina uongo. Mimi siafiki. Nadhani kimya hiki ni sehemu ya simulizi. Mimba ile ndiyo iliyomtoa Unguja. Bila hiyo pengine hata kitabu kisingekuwepo. Kwa maana hiyo mtoto yule yumo katika kila ukurasa, ila hatajwi.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Salme aliujua mara mbili katika mwaka mmoja: wa kuzaa na wa kufiwa. Ukiirudia ile sura ya watoto wa jumba la Sultani, isome taratibu. Huenda mwanamke anayeeleza kwa makini vile mtoto anavyoogeshwa, anavyofungwa na anavyofikishwa arobaini alikuwa anamkumbuka mmoja wake, wa Aden.