Wizi wa akaunti za michezo ya video

Wizi wa akaunti za wachezaji ulishamiri pale mali za mchezoni zilipoanza kuuzwa kwa fedha halisi. Katika World of Warcraft, mchezo uliotolewa na Blizzard mwaka 2004, mwizi aliyenasa nywila aliuza silaha na mavazi ya mhusika, akahamisha dhahabu yote. Mwenyewe akirudi alimkuta mhusika wake mtupu. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilianza kuuza kifaa kidogo cha kuning'inizwa kwenye funguo. Kikibonyezwa, kilionyesha tarakimu za kutumika mara moja, nazo ziliandikwa pamoja na nywila. Ili kuwavuta wachezaji, waliokiunganisha na akaunti walipewa mbwa wa mchezoni mwenye vichwa viwili. Ilikuwa hila ya busara, maana maonyo matupu huchosha.

Aprili 2011 wadukuzi waliingia katika mtandao wa PlayStation wa Sony. Akaunti zipatazo milioni 77 ziliathirika, na huduma ikafungwa kwa zaidi ya wiki tatu. Uangalifu wa mchezaji haungezuia hilo, ila aliyetumia nywila moja kila mahali alibaki hatarini zaidi.

Desemba 2015 Valve, wenye duka la Steam, walitangaza kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi. Kuanzia hapo, asiyethibitisha mabadilishano ya vitu kwa simu alicheleweshewa. Mwaka 2018 Epic Games nao wakatoa densi ya bure katika Fortnite kwa kila aliyewasha uthibitisho wa hatua mbili.