Mtoto wa Serikali Ipi?

Upande wa Bondo, pale Nyangoma, shule ya viziwi ipo tangu 1961, miaka miwili kabla ya Kenya kujitawala. Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu, Jeshi la Wokovu likaweka shule ya wasioona. Joyland, ya Jeshi hilohilo, ikapokea watoto wenye ulemavu wa viungo. Yaani kando ya ziwa letu kila ulemavu ulioweza kupimwa ulijengewa nyumba yake. Masikio huku, macho kule, miguu pale.

Sasa mlete mtoto wa miaka minne anayesikia redio ya jirani lakini haitiki akiitwa jina lake. Anatembea, tena anakimbia. Anaona vizuri: amepanga vizibo vya soda mstari mmoja tangu asubuhi, na ukigusa kimoja tu ni kilio hadi jioni. Huyo unampeleka shule gani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hakuna. Wengine walimdhania kiziwi. Wengine walimwita janeko, mwendawazimu, au wakasema ni chira, kwamba kuna mwiko ulivunjwa na mtu nyumbani humo, na mara nyingi mtu huyo aligeuka kuwa mama. Neno usonji lenyewe ni geni katika Kiswahili chetu. Wazazi wengi wa Kisumu wamelisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na mtoto wa miaka sita au saba.

Madaktari walikuwa na jina kitambo. Leo Kanner, wa Baltimore, Marekani, alieleza watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Halafu akaja Victor Lotter. Yeye alikuwa amewahesabu watoto wa Middlesex, Uingereza, na katika matokeo aliyochapisha 1966 akapata kama 4.5 kwa kila 10,000. Baadaye alizunguka miji kadhaa ya Afrika, Kenya ikiwemo, na mwaka 1978 akaandika kwamba usonji huku unaonekana adimu zaidi. Lakini alitafuta wapi? Katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili. Mtoto wetu wa vizibo hakuwa kwenye taasisi yoyote. Alikuwa Nyakach kwa nyanya yake. Huwezi kumhesabu mtu katika nyumba ambayo hakuwahi kufunguliwa mlango, na mimi naona nusu ya historia hii imejificha hapo.

Mwaka 1984 milango miwili ilifunguliwa kwa mpigo. Wa kwanza ulikuwa kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea, ndani ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, kilichotokana na mradi wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Wa pili ulikuwa vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu, kwa msaada wa Denmark. Miaka miwili baadaye ikaanzishwa KISE, chuo cha kufunza walimu wa elimu maalum. Kwenye karatasi mambo yalikuwa poa. Ila chekechea zenyewe zilikuwa za harambee: wazazi wanachanga mabati, wanamlipa mwalimu wanavyoweza, na mwalimu huyo hana muda wa mtoto anayeziba masikio kila wimbo unapoanza. Na kituo cha tathmini, hata kikimtambua mtoto mapema, kilimrudisha mama kwenye swali lilelile. Ameshapimwa, haya, aende wapi?

2003 ulikuwa mwaka wa mambo mengi. Sheria ya watu wenye ulemavu ikapitishwa. Wazazi wakaunda Chama cha Usonji Kenya. City Primary ya Ngara, Nairobi, ikapata kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya shule ya serikali, jambo kubwa, lakini ni kilomita 350 hivi kutoka Kisumu. Jopo la kuchunguza elimu maalum nchini likaongozwa na Dkt. Edwards Kochung, mtu wa Chuo Kikuu cha Maseno, hapa hapa kwetu. Na elimu ya msingi ikawa bila malipo. Ya msingi, nimesema. Bure hiyo ilianzia darasa la kwanza. Chekechea ikaachwa kwa mfuko wa mzazi.

Basi ikaja Katiba ya 2010. Chuo niliacha na sheria sikusoma, lakini Jedwali la Nne halihitaji digrii kulielewa. Elimu ya chekechea imepewa kaunti. Elimu maalum imebaki kwa serikali ya kitaifa, pamoja na shule za msingi. Soma tena polepole, ukimkumbuka yule wa vizibo. Kwa umri wake ni mtoto wa kaunti. Kwa hali yake ni mtoto wa Nairobi. Mwalimu wa chekechea anaajiriwa na kaunti. Mwalimu wa elimu maalum katika shule ya umma ni wa TSC. Ukienda ofisi moja utaelekezwa nyingine, na hakuna anayekudanganya.

Na anachohitaji si maajabu. Darasa dogo. Picha ukutani zinazomwonyesha kinachofuata: uji, mchezo, choo, nyumbani. Kadi ya kikombe anayoweza kumpa mwalimu akiwa na kiu, kabla maneno hayajaja. Kona tulivu mvua ikigonga bati. Mtu mzima mmoja aliyefunzwa, anayejua kwamba kuruka-ruka kwake si utundu. Vitu hivi vina faida kubwa vikianza mapema, akiwa na miaka mitatu, minne, mitano, yaani miaka ileile iliyogawanywa katikati na Katiba.

Kwa sasa pengo hilo linazibwa na anayeweza. Mwenye pesa analipa kituo cha binafsi mjini. Mama anayeuza omena Dunga akiambiwa akae darasani na mwanawe, biashara inalala, kwa hiyo mara nyingi mtoto ndiye anayebaki nyumbani. Miaka miwili ya chekechea inapita hivyo. Januari moja anafikisha umri wa Gredi ya Kwanza, na siku hiyo, kisheria, anahama kutoka serikali moja kwenda nyingine bila kutoka uani kwao.