Nani Aliuambia Mlango Kwamba Kumekuchwa? Historia ya mlango wa banda la kuku unaofunguka wenyewe

Kila anayefuga kuku, hata kama ni wanne tu nyuma ya nyumba, ana kazi mbili zisizo na likizo: asubuhi kuwafungulia, jioni kuwafungia. Ukisafiri, lazima mtu awafungie. Ukiumwa, vilevile. Ukikwama kwenye foleni ukafika nyumbani saa tatu usiku, kanu na kicheche hawajui habari za foleni. Usiku mmoja wa kusahau komeo unatosha kumaliza mtaji wa mwaka mzima, na mara nyingi lawama humwangukia mtoto aliyetumwa kufunga.

Siku hizi kuna kifaa cha kufanya kazi hiyo. Ni kibao cha alumini kinachopanda na kushuka kwenye mifereji miwili, mota ndogo, betri, na kihisi cha mwanga chenye ukubwa wa punje ya hindi. Ukikiona unaweza kudhani ni kitu cha juzi tu. Kumbe kila kipande chake kina historia ndefu, na historia hiyo inatusaidia kujua kifaa hiki kinaweza nini na hakiwezi nini. Hebu tuifuate.

Tuanze na kuku mwenyewe

Babu wa kuku tunaowafuga ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mifupa ya zamani zaidi inayoaminika kuwa ya kuku wa kufugwa ni ile ya Ban Non Wat, katikati ya Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Kuku mwitu hulala juu ya mti. Jua likishuka naye anapanda, kwa sababu jicho lake ni la mchana. Lina aina nne za chembe za kutambua rangi wakati sisi tuna tatu, lakini giza likiingia halioni vizuri kabisa. Ndiyo maana kuku wa usiku unamshika kwa mkono bila kumkimbiza.

Sasa fikiria hili. Mti hauna mlango. Usalama wake ni urefu. Binadamu alipomshusha kuku na kumlaza chini, aliondoa ule urefu, na hapo ndipo mlango ulipohitajika. Banda ni mti uliokosa urefu.

Bahati nzuri, kuku hakusahau tabia ya kurudi mapema. Tena hategemei macho peke yake. Ndani ya kichwa chake, chini ya fuvu, kuna tezi ya pineali ambayo kwa ndege inahisi mwanga moja kwa moja. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walieleza protini inayofanya kazi hiyo kwenye tezi ya kuku, wakaiita pinopsini. Mwaka 2013 wengine wa Nagoya walionyesha kwamba jogoo huwika kabla ya alfajiri hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, yaani ana saa yake ndani ya mwili. Wazee waliposema "jogoo la kwanza" kutaja muda wa usiku walikuwa wanasoma saa ya kweli.

Kwa hiyo nusu ya kazi kuku anaifanya mwenyewe. Anajua lini arudi. Asiyejua ni mlango.

Kusogeza mlango si tatizo

Mlango usioguswa na mkono ni wazo la zamani sana. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, huko Misri, Heron wa Alexandria alieleza milango ya hekalu inayofunguka moto ukiwashwa madhabahuni. Moto unapasha hewa, hewa inatanuka na kusukuma maji kwenye ndoo, ndoo ikiwa nzito inavuta kamba, na kamba zinazungusha nguzo za milango. Moto ukizimika, mambo yanarudi kinyume na milango inafunga.

Lakini angalia: bado kuna mtu aliyewasha moto. Mlango wa Heron haukujua lolote kuhusu usiku na mchana. Nguvu ya kusogeza ilikuwepo. Kilichokosekana ni habari.

Mlango uliofunga ili kuhesabu

Ndani ya mabanda ya kuku, mlango wa kujifunga uliingia kwa sababu nyingine kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 wafugaji wa Marekani walitaka kujua swali ambalo hata wewe ungejiuliza: kati ya kuku hawa wote, nani anataga na nani anakula bure? Jibu lilikuwa kiota cha mtego. Kuku anaingia kutaga, anagusa kizuizi, na kimlango kinashuka nyuma yake. Hawezi kutoka mpaka mtu aje, asome namba ya pete mguuni, aandike yai kwenye daftari, kisha amwachie.

Kuanzia mwaka 1898, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Maine, Gilman Gowell alitumia viota hivi kuchagua kuku waliotaga mayai 160 au zaidi kwa mwaka ili wawe wazazi wa kizazi kinachofuata. Ilionekana hesabu rahisi: zalisha kutoka kwa walio bora, na wastani utapanda. Raymond Pearl alipofika hapo mwaka 1907 na kuchambua rekodi za miaka hiyo, aligundua kwamba wastani haukupanda. Kuku mmoja kutaga sana hakukuwa na maana kwamba binti zake watataga sana. Pearl akageuza utaratibu, akaanza kumpima mzazi kwa mayai ya watoto wake. Hilo ni somo la jenetiki ambalo wafugaji wa mbegu wanalitumia hadi leo, na lilitoka kwenye rekodi za kimlango kinachojifunga.

Ila kwa upande wa kazi, kiota cha mtego hakikumpumzisha mtu. Kilimwongezea. Ilibidi apitie viota mara nyingi kila siku, la sivyo kuku angekaa kifungoni bila maji. Mlango ulifunga wenyewe, lakini kufungua kulibaki kwa binadamu.

Kuufundisha mlango jua

Kujua usiku bila mtu kuwepo kulitatuliwa mbali na mabanda: kwenye minara ya kuongozea meli. Mswidi Gustaf Dalén, mtoto wa wakulima, alitengeneza mwaka 1907 vali ya jua. Fimbo moja nyeusi iliwekwa katikati ya fimbo nyingine zilizong'arishwa. Mchana, ile nyeusi inanyonya mwanga na kupata joto kuliko wenzake, inarefuka kidogo sana, na urefu huo mdogo unatosha kufunga gesi ya taa. Jua likizama inapoa, inarudi urefu wake, gesi inafunguka na taa inawaka. Hakuna umeme, hakuna saa, hakuna mlinzi wa kupanda ngazi. Kazi yake ya kuendesha taa za minara bila mtu ilimpa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912. Mwaka huohuo mlipuko wa gesi kwenye majaribio ulimpofusha. Aliyevipa vyombo uwezo wa kutofautisha usiku na mchana akaishi maisha yake yote yaliyobaki bila kuuona mwanga.

Njia ya pili ilikuja kupitia umeme. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, akishughulika na nyaya za telegrafu za chini ya bahari, alitangaza kwamba seleniamu hupitisha umeme vizuri zaidi ikimulikwa na vibaya ikiwa gizani. Kihisi cha mwanga kwenye mlango wa banda ni mjukuu wa ugunduzi huo. Madini yamebadilika, kanuni ni ileile: mwanga ukipungua, umeme unapungua, na kompyuta ndogo inaiamuru mota ishushe kibao. Mwaka 2005 bodi za Arduino zilipoanza kutengenezwa Ivrea, Italia, hata mwanafunzi mwenye mota ya zamani na uzi wa nailoni akaweza kujitengenezea mlango wake.

Saa au jua?

Utauliza: kwa nini wahangaike na jua wakati saa zipo? Nenda Stockholm. Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Juni linazama karibu saa nne usiku. Mlango uliowekewa saa ya Desemba ungewafungia kuku nje mchana kweupe mwezi Juni. Kule, bila kihisi, lazima ubadilishe saa ya mlango kila baada ya wiki chache.

Huku kwetu mambo ni tofauti. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Nairobi, karibu kabisa na ikweta, ni dakika chache tu, ingawa saa ya macheo husogea kama nusu saa hivi kwa mwaka kutokana na mwinamo wa Dunia na njia yake kulizunguka Jua. Na sisi tulishalijua hilo kwenye lugha: saa moja asubuhi ni saa moja tangu kukucha, saa moja usiku ni saa moja tangu kuchwa. Saa ya Kiswahili inahesabu kama kuku anavyohesabu. Isingewezekana kuishi na saa hiyo Stockholm.

Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba karibu na ikweta, mlango wa saa ya kawaida unatosha. Huna haja ya kulipia kihisi kilichobuniwa kwa ajili ya majira ya Ulaya. Tena kihisi kina udhaifu wake: wingu zito la masika saa kumi jioni, au taa ya jirani inayowaka usiku kucha. Vilivyotengenezwa vizuri husubiri dakika kadhaa kabla ya kuamini giza, na huwa na kiwango kimoja cha mwanga cha kufunga na kingine cha kufungua, ili mlango usipande na kushuka kila wingu linapopita.

Ukitaka kuuweka

Kwa siku saba, kaa karibu na banda jioni. Andika saa anayoingia kuku wa kwanza na saa anayoingia wa mwisho. Utaona mara nyingi wa mwisho ni yuleyule. Weka muda wa kufunga dakika 20 hadi 30 baada yake. Kwa ukubwa wa mlango, kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 1999 kwa kuku wa mayai wanaotoka nje zinataka kitundu chenye kimo cha sentimita 35 na upana wa 40, na hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kizingiti kiinuliwe juu ya matandazo, maana pumba na kinyesi vikijaa kwenye mifereji kibao hakifiki chini, na pengo la vidole viwili linatosha nyoka. Kagua betri kabla haijaisha. Na wiki ya kwanza uwepo kila unapofunga.

Baada ya wiki hiyo, usiache kabisa. Mlango huu unajua usiku umeingia, lakini haujui kuhesabu. Utashuka kwa wakati hata kama tetea mmoja amebaki nje chini ya mchongoma, na utamfungia ndani kanu aliyeingia mapema pamoja na kuku wote. Haumwoni anayekohoa wala aliyenyong'onyea. Pale Maine mlango ulifunga na mtu akahesabu, na mgawanyo huo haujabadilika. Mtoto aliyekuwa akitumwa kufunga banda alikuwa akifanya kazi mbili, nasi tulikuwa tukiiona moja. Mlango umuondolee ile ya kukimbizana na giza. Kupita na tochi na kuhesabu vichwa kwenye vichanja bado ni kazi ya mtu, hata kama ataifanya saa tatu usiku baada ya foleni.