Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika, 1945

Nyuma ya ukuta huu wa mbele, uliosalia katika jumba la baraza la Chorlton-on-Medlock, hapa Manchester, kuanzia tarehe 15 hata 21 Oktoba 1945, walijumuika wana wa Afrika na wa visiwa vya Karibi, wanafunzi, wanazuoni na viongozi wa wafanyakazi, ili kuikabili dhuluma ya ukoloni kwa kauli moja.

George Padmore wa Trinidad na Kwame Nkrumah waliuandaa mkutano huo. Amy Ashwood Garvey wa Jamaika akasimamia kikao cha kwanza, naye W. E. B. Du Bois wa Marekani akapewa taadhima ya mzee wao.

Maazimio yao, yaliyodai uhuru kamili na kuihesabu migomo kuwa silaha halali ya wanyonge, yalivuka bahari: Nkrumah akaiongoza Ghana kupata uhuru mwaka 1957, na Jomo Kenyatta, aliyehudhuria pia, Kenya mwaka 1963.