Kicheko na Mtu Mdogo: Lugha ya Vibarua katika "Nasha Russia"

Tangu Nikolai Gogol alipoichapisha hadithi yake ya koti mwaka 1842, mtu mdogo amekuwa mhusika wa kudumu katika fasihi ya Kirusi. Karani Akaki Akakievich, ambaye kazi yake ni kunakili nyaraka tu, anachekwa na wenzake ofisini. Msomaji anayeanza kwa kucheka pamoja nao hufikishwa mahali ambapo kicheko chenyewe kinamsuta.

Urithi huo ndio kipimo kinachoifaa "Nasha Russia", yaani "Urusi Yetu", kipindi cha vichekesho kilichoonyeshwa na kituo cha TNT kati ya 2006 na 2011. Umbo lake ni ndugu wa "Little Britain" ya Uingereza, na wahusika wake hutambulishwa kwa miji yao. Huko Taganrog, Sergei Belyakov hujibizana na runinga yake. Huko Vologda, askari wa trafiki Nikolai Laptev hakubali hongo, na jamaa zake wanaishi katika ukata. Kinachochekwa hapa si uadilifu wa Laptev bali mazingira yanayoufanya uonekane wazimu. Gogol angalielewa.

Utata unazuka Moscow. Ravshan na Dzhamshut, vibarua kutoka Asia ya Kati, wanakarabati nyumba za wenye mali huku msimamizi wao akiwatukana. Mbele yake Kirusi chao ni cha kubabaisha. Wanapozungumza wao kwa wao, tafsiri iliyoandikwa chini ya skrini inadhihirisha kuwa wanajadili falsafa na sanaa. Mjinga, basi, ni bwana. Utetezi huu una nguvu, ila unakomea kwenye maandishi. Masikioni hali ni nyingine: "lugha" yao si Kitajiki wala Kiuzbeki, bali ni sauti za kubuni zisizo na maana. Wahusika wamepewa hekima na kunyang'anywa lugha, na hekima yenyewe inamfikia mtazamaji kwa Kirusi tu.

Jambo hili si la kimtindo pekee. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, na kufuatia vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Tajikistan (1992–1997), Watajiki wengi walihamia Urusi kutafuta kazi. Majina ya Ravshan na Dzhamshut yalitoka kwenye runinga yakawa dhihaka ya jumla kwa kibarua mgeni. Maandishi ya chini ya skrini hayakutoka nayo.