Utando unavyochuja maji machafu ya karatasi na mkonge

MTO Pangani humwaga maji yake baharini kaskazini mwa kijiji cha Ushongo, mkoani Tanga. Taka inayoingia mtoni kutoka Korogwe au Hale inaweza kuishia katika bahari wanamovua wakazi wa kijiji hicho, ambako pia hulindwa mayai ya kasa yanayohamishwa kutoka kisiwa cha Maziwe.

Taka ya zamani ya kiwandani katika ukanda huo ni ya mkonge. Miche 62 iliyosalimika kati ya ile aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani, ilipandwa Kikogwe, jirani na Pangani, mwaka 1893. Jani la mkonge hutoa singa takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Yanayobaki husombwa na maji mengi ya mashine ya korona, yakiwa na asidi na sukari ambazo, zikioza mtoni, humaliza hewa wanayovuta samaki.

Viwanda vya karatasi vina tatizo la ukoo huohuo, ila lao ni gumu zaidi. Mti unapopikwa kwa kemikali hutoa lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi zake, na hiyo ndiyo inayoyapa maji rangi ya kahawia. Bakteria wa mabwawani hula sukari upesi, lakini lignini huishinda. Ndiyo maana mabwawa ya aina iliyotumiwa Webuye, Kenya, katika kiwanda kilichofanya kazi kando ya Mto Nzoia kuanzia 1974 hadi kilipofungwa 2009, hupunguza uozo bila kuondoa rangi yote.

Hapo ndipo utando unapohitajika. Maji husukumwa kwa pampu kupitia ngozi nyembamba ya plastiki au kauri yenye vitundu vya takriban milimita 0.00001. Molekuli kubwa za lignini hukwama. Maji na chumvi hupita. Utando wenye vitundu vidogo zaidi huzuia hata chumvi, lakini hudai shinikizo kubwa, yaani umeme mwingi.

Kiwanda cha Nymölla, Sweden, kilianza kutumia utando kwa maji yake ya kupaushia mwaka 1995. Kile cha McKinley, katika jimbo la New Mexico, Marekani, kilitengeneza karatasi ya maboksi bila kumwaga maji nje, kwani kiliyarudisha kiwandani baada ya kuyachuja.

Hata hivyo, utando hauangamizi uchafu, huutenga tu. Uji mzito unaobaki ni lazima uvukizwe na kuchomwa, na kiwanda kisicho na tanuri la kazi hiyo kitakuwa kimehamisha taka kutoka bomba moja hadi jingine. Aidha, nyuzi na utelezi huziba vitundu, hivyo utando huoshwa kwa kemikali mara kwa mara.

Kwa korona za Tanga, kuanza na utando kungekuwa kutanguliza mwisho. Mabaki ya mkonge huoza kwa urahisi, na huko Hale kampuni ya Katani, ikisaidiwa na shirika la UNIDO, ilijenga katika miaka ya 2000 mtambo wa majaribio wa kuyageuza kuwa gesi na umeme. Baada ya chekeche na tangi la gesi, maji yanayobaki huwa mepesi kiasi cha kufaa kuchujwa kwa utando, iwapo kiwanda kinataka kuyatumia tena kwenye korona badala ya kuyaachia mto.