Kuokoka na Kutakaswa: Maneno Mawili ya Uamsho wa Afrika ya Mashariki

Kitenzi takata chaeleza hali ya kitu kisicho na uchafu. Takasa ni kukifanya kiwe hivyo. Takaswa ni kufanyiwa kazi hiyo na mwingine. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka wa 1952, walilitumia shina hili kwa fundisho zito: Mkristo aliyesamehewa hutakaswa, awe mbali na utumwa wa dhambi. Lakini hutakaswa mara moja, au siku zote?

Swali hili lilikuwa limekwisha kubishaniwa Uingereza. John Wesley, katika karne ya 18, alifundisha kwamba mwamini aweza kukamilishwa katika upendo angali hai. Mikutano ya Keswick, iliyoanza mwaka wa 1875, ilihubiri ushindi juu ya dhambi kwa imani, bila kukana kwamba asili ya dhambi i ndani ya mtu bado. Mafundisho hayo ya Keswick ndiyo yaliyomlea Joe Church, mganga wa misioni ya Gahini, Rwanda. Mwaka wa 1929 alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi, alifundisha Gahini hata alipofariki Januari 1936. Mwaka huohuo uamsho ukawaka, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika.

Wafuasi wake waliitwa Balokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka. Neno hili ndilo lililoleta ugomvi. Kwa Kiswahili, asemaye "nimeokoka" hataji mtendaji, na kiambishi -me- chaonyesha jambo lililokwisha kutendeka na hali yake ingalipo. Wakristo wengi waliona hayo kuwa majivuno: nani ajuaye hukumu yake kabla ya Siku ya Mwisho? Mwaka wa 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha makasisi cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao.

Hata hivyo Balokole hawakudai kwamba hawatendi dhambi tena. Kuokoka kulikuwa kumetimia, kutakaswa kuliendelea. Kwa hiyo waliungama hadharani, wakarudisha vitu vilivyoibwa, wakapatana na waliokosana nao, Waafrika kwa Wazungu. Na desturi hiyo waliiita kutembea nuruni. Uhuru wao haukuwa kutoanguka, bali kutoficha anguko.

Fundisho hilo lilipimwa Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Wengi wa ndugu hao walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakakataa pia kuchukua silaha za serikali. Kwao, aliyetakaswa kwa damu ya Kristo hangeweza kunywa kiapo kingine cha damu, wala kumwaga damu ya jirani. Wako waliouawa kwa sababu hiyo.